Mvujo wa giaboksi baada ya kazi ya nyumbani: uchambuzi wa kisa kimoja, Mtwara

Gari na mwenyewe

Kisa hiki kinahusu gari dogo la familia, Toyota ya automatiki ya gia nne inayovuta kwa magurudumu ya mbele. Lililetwa gereji kwetu Mtwara mjini likivuja mafuta ya giaboksi. Mwenyewe ameridhia tuandike yaliyotokea ili wengine wajifunze. Jina lake, kazi yake, mtaa anaoishi na aina kamili ya gari nimeviondoa. Humu nitamwita Bwana M.

Bwana M si mtu wa kubahatisha. Ana boksi lake la spana, anabadilisha mwenyewe plagi, brekipedi na oili ya injini, na kila anachofanya anakiandika kwenye daftari linalokaa kwenye dashibodi. Nalitaja daftari hilo mapema kwa sababu bila lile tungetumia muda mrefu zaidi kuelewa gari limepita wapi. Ninapoeleza kazi yake hapa chini, msomaji asimwone kama mtu mzembe. Mvujo wa aina hii unawapata hata mafundi wenye gereji.

Tatizo la awali halikuwa giaboksi. Raba ya sivijointi ya nje (kiungo kinachopinda mwishoni mwa shafti, ule mhimili unaotoka giaboksi kuzungusha gurudumu), upande wa kushoto, ilikuwa imechanika. Grisi ilirushwa ndani ya rimu, mchanga ukaingia ndani ya jointi, na baada ya muda gari likawa linagonga ka-ka-ka kila linapokata kona. Kwa njia zetu za kwenda mashambani hilo ni jambo la kawaida: raba ikishapasuka, mchanga wa kwenye mikorosho hauiachi jointi hata wiki chache. Ilikuwa kabla ya minada ya korosho kuanza, na kila mtu wa huku anajua mifuko inavyokuwa kipindi hicho. Bwana M akanunua shafti nzima ya mtumba, akaamua kuifunga mwenyewe nyumbani.

Kazi ilivyofanyika uani

Ukichomoa shafti kwenye giaboksi ya aina hii, mafuta hutoka pale inapoingia. Bwana M alilijua hilo, kwa hiyo alipanga kumwaga mafuta kwanza. Akafikiri tena: kama mafuta yanamwagwa, basi abadilishe na filta yake papo hapo. Wazo lenyewe lina mantiki. Ila maana yake ni kwamba kazi moja iligeuka kazi mbili, zote sehemu moja ya gari, siku moja.

Alinyanyua mbele kwa jeki, akaegemeza gari kwenye matofali ya saruji. Hapa nasimama kidogo, maana hili linaua watu. Tofali la saruji halipindi wala halitoi onyo. Linapasuka ghafla, na gari linashuka juu ya kifua. Kama huna stendi za jeki, azima. Kama hakuna wa kukuazima, usiingie chini ya gari.

Alifungua sampo ya giaboksi, lile bakuli la chini linaloshika mafuta, akabadilisha filta na gasketi (kizibio cha kati ya sampo na giaboksi), akarudisha sampo na kukaza boliti zake. Kisha akafungua nati ya habu (kitovu cha gurudumu), akaachanisha boljointi, akaichomoa shafti ya zamani kwa mtaimbo. Shafti ya mtumba aliiingiza akiwa amelala chali, mkono mmoja umeshika upande wa ndani, upande wa nje ukining'inia. Baadaye nilimuuliza swali moja tu kuhusu hatua hiyo.

“Bwana M, shafti ilikataa kuingia mara ya kwanza?”

“Ilikataa, fundi. Nikairudisha nyuma kidogo, nikaizungusha huku naisukuma, ikaingia ikalia tak.”

Mwisho akajaza mafuta kupitia tundu la dipstiki, kile kijiti cha kupimia mafuta. Injini ilikuwa imezimwa, akajaza mpaka alama ya MOTO, ile ya juu. Mafuta yenyewe yalikuwa sahihi: dipstiki ya gari hili imeandikwa T-IV, na ndiyo aliyonunua. Hilo alilifanya vizuri, na si wengi wanaosoma maandishi yale.

Matone, na dawa zilizofuata

Asubuhi iliyofuata palikuwa na doa jekundu kwenye sakafu ya ua, chini ya giaboksi. Rangi ilitosha kumwambia ni mafuta gani. Oili ya injini iliyotumika huwa ya kahawia au nyeusi, mafuta ya breki huwa meupe au ya manjano hafifu, na usukani wa gari hili unasaidiwa na umeme kwa hiyo hauna mafuta kabisa. Mafuta mekundu yakidondoka hapo, ni ya giaboksi.

Kwa kuwa sampo ndiyo aliyoifungua, na tone lilining'inia kwenye ukingo wa sampo, Bwana M aliamini gasketi ya sampo ndiyo inayovuja. Akaingia chini, akakaza boliti. Kesho yake doa lilikuwepo, akakaza tena. Boliti za sampo ni ndogo, zile za spana namba 10, na zinaingia kwenye mwili wa aluminiamu. Siku ya tatu kwa mujibu wa daftari, boliti moja ya pembeni ililainika ghafla mkononi ikawa inazunguka bila kushika. Nyuzi za ndani zilikuwa zimekufa.

Hapo akamwita fundi wa mtaani. Huyu alishusha sampo, akapaka silikoni nene juu na chini ya gasketi, akairudisha, na mafuta yakajazwa muda mfupi baadaye bila kuiacha silikoni ikauke. Kwa siku chache doa lilipungua. Nadhani lilipungua kwa sababu mafuta ndani yalikuwa yamepungua, si kwa sababu ya silikoni, lakini kwa mtu anayeangalia sakafu tu ilionekana dawa imefanya kazi. Imani hiyo ndiyo iliyomfanya aanze safari ndefu.

Safari

Alitoka Mtwara kwenda Masasi kupitia Mingoyo na Ndanda. Ni lami, mwendo ni wa kasi, na gari lilikwenda vizuri. Shida ilianza alipotoka Masasi kupanda Newala. Anayeijua njia ile anajua ukishaanza kuukwea ukingo wa uwanda wa Makonde, gari halipumziki. Katikati ya mlima injini ikawa inanguruma juu lakini gari halivuti. Akikanyaga zaidi, mshale wa mizunguko unapanda, mwendo unabaki pale pale. Alisimama, akaacha gari lipoe, akaendelea polepole mpaka juu.

Newala alinunua mafuta ya giaboksi. Asubuhi, kukiwa na ubaridi wa juu kule, aliwasha injini, akachomoa dipstiki papo hapo, akaona mafuta yako chini sana, akaongeza mpaka yakafika alama ya MOTO na kuipita kidogo. Akarudi Mtwara kupitia Tandahimba. Gari lilivuta. Lakini kabla ya kufika Mnivata akaanza kusikia harufu ya kuungua, na aliposimama kuangalia, tumbo lote la gari lilikuwa jekundu na ekzosi inafuka moshi.

Siku iliyofuata alikuwa getini kwetu.

Alichoomba na tulichoamua

“Fundi, nibadilishie gasketi ya sampo. Hii imekataa.”

Ombi lilikuwa wazi, na kulitekeleza kungetuingizia pesa haraka. Hatukulikubali, na nitaeleza kwa nini, maana hapa ndipo kisa hiki kina faida kubwa kuliko pengine pote.

Mafuta ya giaboksi ni mepesi na yanatembea. Yakitoka juu yanafuata mbavu za aluminiamu, yanashuka mpaka sehemu ya chini kabisa, na sehemu hiyo ni sampo. Gari likiwa linatembea, upepo unayasukuma nyuma. Kwa hiyo tone kuonekana kwenye sampo linathibitisha jambo moja tu, kwamba sampo iko chini. Halionyeshi mafuta yametokea wapi. Gasketi ilikuwa imeshabadilishwa, boliti zimekazwa mara kwa mara, silikoni imepakwa, na mvujo haujakoma. Kubadilisha gasketi tena bila kuona chanzo kungekuwa kumtoza mtu pesa kwa kubahatisha.

Tukaamua kufanya mambo kwa mpangilio huu: kwanza kupunguza mafuta yaliyozidi, kisha kuosha tumbo lote, kisha kuwasha gari na kungoja mvujo ujionyeshe wenyewe. Spana isiguse sampo kabla ya hapo.

Poda

Mafuta tuliyapima kwa utaratibu ambao Toyota zenye dipstiki ya giaboksi zinauhitaji: gari limesimama pa tambarare, limetembea mpaka mafuta yakashika joto, injini inaunguruma taratibu, mguu kwenye breki, kijiti cha gia kinapitishwa P mpaka L na kurudishwa P, ndipo dipstiki inachomolewa, inafutwa, inarudishwa na kuchomolewa tena. Mafuta yalikuwa juu ya alama ya MOTO kwa kiasi kikubwa, na kwenye dipstiki yalikuwa na mapovu.

Mapovu hayo yalieleza tumbo jekundu. Mafuta yakizidi, sehemu zinazozunguka ndani huyachapa mpaka yanajaa hewa, yanavimba, na yanatafuta pa kutokea. Pa kutokea pako: juu ya giaboksi kuna tundu dogo la kupumulia. Yalitoka hapo, yakadondokea ekzosi, ikawa moshi na harufu. Kwa hiyo mvujo mkubwa wa kutisha wa siku ya mwisho haukuwa mvujo wa sili (pete ya mpira inayoziba pale shafti inapoingia giaboksi) wala gasketi. Ulitokana na kujaza kupita kiasi.

Tulitoa mafuta ya ziada, tukaosha chini kwa maji ya moto na sabuni ya kuondolea grisi, tukakausha kwa hewa ya kompresa. Kisha tukapuliza poda ya kawaida ya watoto kwenye ukingo wote wa sampo, kwenye maungio ya giaboksi na injini, kwenye mabomba ya kupoozea mafuta na pale shafti mbili zinapoingia. Tumbo likawa jeupe. Gari likawashwa kwenye stendi, likawekwa kwenye gia, magurudumu yakazunguka hewani polepole. Mimi na kijana wangu tulikuwa pembeni na tochi, nje ya mstari wa magurudumu.

Haikuchukua muda. Chini ya shafti ya kushoto poda iligeuka ya waridi, eneo dogo la ukucha. Likakua, likashuka kama uzi mwekundu juu ya weupe, likapita ubavu wa giaboksi, likapinda kwenye ubavu wa pili, likafika ukingo wa sampo na kuning'inia kama tone. Tulimwita Bwana M aone kwa macho yake. Alitazama kimya, kisha akasema, “Kumbe lilikuwa linatoka huku wiki zote hizi.”

Upande wa kulia ulikuwa mkavu, mabomba pia. Lakini tulipoendelea kungoja, kona moja ya sampo nayo ilianza kulowa, ile yenye boliti iliyokufa nyuzi. Jumla tulikuwa na sehemu tatu zilizotoa mafuta. Ya kwanza, sili ya shafti ya kushoto, ndiyo iliyokuwepo tangu siku ya matengenezo. Mbili zilizobaki, kona ya sampo na tundu la kupumulia, zilisababishwa na juhudi za kuizuia ile ya kwanza.

Ndani

Tulichomoa shafti. Mdomo wa sili, ule ukingo laini wa mpira unaolala juu ya shafti, ulikuwa na mkato mfupi upande wa chini, na ule mpira wenyewe hapo ulikuwa umekunjwa kuelekea ndani. Alama hiyo ni ya meno ya shafti. Shafti ikiingizwa ikiwa imeinama, uzito wake wote unalala juu ya mdomo wa sili na meno yanapita juu yake kama kisu. Lile “ilikataa, nikaizungusha huku naisukuma” ndiyo dakika sili ilipokatwa.

Kulikuwa na jambo la pili ambalo sili mpya peke yake isingelitibu. Sehemu ya shafti inayogusana na sili inatakiwa iwe laini kabisa. Hii ya mtumba ilikuwa na kutu ya vidoa vidoa, yumkini kwa kukaa wazi dukani kwenye hewa yetu ya bahari. Vidoa vile vinasugua mpira kila shafti inapozunguka. Ukiweka sili mpya juu ya uso kama huo, unarudi kule kule baada ya muda mfupi. Tulipima kwa ukucha: ukucha haukukwama, maana yake kutu haikuwa imechimba. Tulisugua kwa msasa laini sana uliolowekwa mafuta, kwa kuzungusha shafti na si kwa kwenda mbele na nyuma, maana mikwaruzo ya kwenda mbele na nyuma inageuka mifereji ya kupitishia mafuta. Kama ukucha ungekwama, tungemwambia atafute shafti nyingine.

Vilevile tuliitikisa shafti juu na chini kabla ya kuichomoa, kuona kama beringi za difu (sehemu inayogawa nguvu kwa shafti mbili) zimelegea. Hazikuwa zimelegea. Zikilegea, hata sili bora haidumu, na watu wengi wamebadilisha sili tatu mfululizo kwa kutofanya jaribio hili dogo.

Sampo ilibidi tuishushe sasa, kwa sababu yake yenyewe. Ukingo wake ulikuwa umebonyea kila penye tundu la boliti, na gasketi imebinuka katikati ya matundu. Ndivyo kukaza kupita kiasi kunavyofanya: boliti inavuta chuma chembamba kwenda juu, katikati kunafunguka. Ndani, nyuzi za silikoni zilizochomoza kutoka kwenye ukingo zilikuwa zimekatika, baadhi zimenasa kwenye wavu wa filta. Zingeongezeka, giaboksi ingenyimwa mafuta hata kama yamejaa. Sumaku za sampo zilikuwa na tope laini la kijivu, ambalo ni la kawaida. Hapakuwa na vipande vya chuma. Mafuta yenyewe yalikuwa yameanza kupoteza wekundu na kunukia kuungua kidogo.

Matengenezo

Sili ya kushoto hatukuipata Mtwara. Dukani tulipewa iliyofanana kwa macho, ya upande wa kulia. Mara nyingi sili hizi mbili hutofautiana kipimo, na zenye mistari midogo kwenye mdomo huwa na mwelekeo wa mzunguko. Tulikataa, tukaagiza kwa namba ya spea kutoka Kariakoo, ikaja kwa basi. Bwana M alilalamika kidogo kukaa bila gari, na nilimwelewa, lakini sili moja bei yake ni ndogo kuliko kopo moja la lita nne la mafuta ya giaboksi. Kufunga isiyo yake ni kuyamwaga mafuta yale mapya.

Sili ya zamani ilitolewa kwa ndoano, kwa uangalifu isiukwaruze ukuta wa tundu inamokaa. Mpya tuliipaka mafuta ya giaboksi mdomoni, tukaisukuma kwa kipande cha bomba chenye upana sawa na ukingo wake wa nje, tukigonga kwa kuzunguka ili iingie sawasawa, mpaka kina kile kile ilichokuwa ya zamani. Kugonga upande mmoja huiingiza ikiwa imelala, na kuna springi ndogo ya mviringo nyuma ya mdomo ambayo hufyatuka ukiipiga vibaya.

Meno ya shafti tuliyafunika kwa karatasi ngumu ya plastiki iliyokunjwa kama bomba, plastiki ikapita kwanza kwenye sili, shafti ikafuata, plastiki ikatolewa. Watu wawili: mmoja anabeba upande wa nje ili shafti iwe mlalo, mwingine anaongoza upande wa ndani. Ile pete ya chuma inayoifunga shafti ndani tuliweka mpya, uwazi wake ukielekea chini. Ilipolia, tuliivuta kuhakikisha haitoki. Nati ya habu aliyoitumia tena Bwana M tuliitupa, tukaweka mpya na kuupiga ukingo wake uingie kwenye mfuo wa shafti. Nati ile inashika gurudumu.

Sampo tuliinyoosha kwa nyundo ndogo juu ya kipande cha chuma bapa, tundu moja moja, mpaka ilipolala sawa kwenye kioo. Silikoni yote ilikwanguliwa kwa kijiti cha plastiki. Kwa tundu lililokufa tulimwita fundi wa mashine aje na vifaa vyake, akalichimba na kuweka helikoili, zile nyuzi za chuma cha pua zinazoingia ndani ya aluminiamu. Gasketi mpya ilifungwa kavu, bila silikoni hata chembe. Boliti zilikazwa kwa mkono kwanza, kisha kwa toki renchi ndogo, spana inayopima nguvu ya kukaza, kwa kupishanisha pande. Nguvu inayotakiwa hapa ni ndogo sana, chini ya nyutonimita 10. Kwa mtu aliyezoea kukaza nati za magurudumu, inahisi kama hujakaza kitu.

Filta tulibadilisha kwa sababu ya silikoni. Mafuta mapya tukaweka kiasi kinacholingana na kilichotoka, tukayapima moto kwa utaratibu ule ule, tukamalizia kwa kuongeza kidogo kidogo.

Uamuzi wa kutofungua giaboksi

Mtu mmoja gereji alishauri tufungue giaboksi tuangalie klachi pleti, zile sahani zinazobanwa ili gia ishike, kwa kuwa gari liliwahi kuteleza mlimani. Nilikataa kwa sababu tatu. Hakukuwa na vipande vya chuma. Gari lilipokuwa na kiasi sahihi cha mafuta, gia ziliingia bila kuchelewa. Na kuteleza kulikuwa na sababu inayojulikana: mafuta yakipungua, pampu inavuta hewa, presha inashuka, pleti hazibanwi vya kutosha. Giaboksi ya automatiki ikifunguliwa bila sababu, mara nyingi hairudi kama ilivyokuwa.

Matokeo

Tulilijaribu mpaka Mikindani na kurudi, kisha mwenyewe akalipeleka Lindi. Tulipoliinua tena na poda mpya, upande wa kushoto ulikuwa mkavu na sampo kavu. Tangu hapo sakafu ya uani kwake ni safi.

Lakini gari halikurudi kama lilivyokuwa kabisa. Likiwa na joto na mzigo, kwenye mwinuko, linapotoka gia ya pili kwenda ya tatu injini inapanda kidogo kabla gia haijashika. Ni kitu kidogo, abiria hatakisikia. Bwana M anakisikia, na mimi pia. Kwa maoni yangu ule mlima wa Newala uliunguza sehemu ya pleti, na hakuna sili itakayorudisha hilo.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ya vyote ni kuosha. Si mashine, si kifaa cha bei. Sabuni, hewa na poda. Fundi akikuambia mvujo unatoka fulani kabla hajaosha, muulize amejuaje.

Daftari lilitusaidia pia. Kila tone, kila kukaza, kila lita iliyoongezwa ilikuwa na tarehe, na tuliona kwamba mvujo ulianza siku moja baada ya kazi mbili tofauti. Hapo ndipo penye kosa la msingi la kisa hiki, na ni kosa la mpango kuliko la mkono. Sampo na shafti zilifanywa siku moja, kwa hiyo mvujo ulipotokea kulikuwa na washukiwa wawili na hakuna aliyemchunguza wa pili. Angefunga filta leo, akaendesha siku chache, akaona pakavu, kisha akafunga shafti, jibu lingekuwa usoni pake. Ikibidi kazi zote mbili zifanyike pamoja kwa sababu ya mafuta, basi ukaguzi ufanywe kwenye kila kiungo kilichoguswa, si kile kinachodondosha tone peke yake.

Kipimo cha mafuta kilikosewa mara mbili, kila mara kwa upande wake. Injini ikiwa imezimwa, mafuta hurudi chini kwenye sampo na dipstiki inaonyesha mengi kuliko yaliyopo kazini. Ndiyo maana gari lilianza safari likiwa na upungufu. Newala ilikuwa kinyume: injini imewashwa lakini mafuta baridi, na mafuta baridi yakijazwa mpaka alama ya moto, yakipata joto yanatanuka na kuzidi. Dipstiki ina alama mbili kwa sababu hiyo. Makosa haya mawili yaliharibu zaidi ya ile sili iliyochanika. Mkato wa sili ulikuwa wa matone. Ungeweza kuendesha nao kwa muda huku ukiongeza mafuta kwa kipimo sahihi, na giaboksi isingeguswa.

Kuhusu fundi wa mtaani, sipendi kumlaumu sana, alifanya alichoombwa. Ila silikoni kwenye sampo ya giaboksi yenye gasketi yake ni tabia tunayotakiwa kuiacha sisi sote tunaoshika spana. Inaficha ukingo uliopinda, na kinachochomoza ndani kinaishia kwenye filta. Pia ipo dawa ya kopo inayouzwa kuzuia mivujo. Huvimbisha mpira uliokakamaa kwa uzee, na hapo inaweza kusaidia kidogo. Mpira uliokatwa hauungi.

Swali linalobaki ni kama Bwana M alikosea kuifanya kazi hii mwenyewe. Sidhani. Kubadilisha shafti ni kazi ambayo mtu mwenye utulivu anaiweza akiwa na stendi, msaidizi wa kubeba upande wa nje, sili mpya ya kila upande anaoufungua na mafuta ya kutosha. Sili ibadilishwe kila shafti inapotoka, hata ikionekana nzima. Alikosa msaidizi na sili, vitu viwili vya bei ndogo.

Tumekubaliana alilete gari minada ya korosho ikipita. Tutamwaga mafuta kwa mara ya pili, kwa sababu kumwaga mara moja hutoa nusu au pungufu, mengine hubaki kwenye tokikonveta, kile kiunganishi cha injini na giaboksi kinachofanya kazi kwa mafuta. Yakitoka mekundu na filta safi, tutajaza na kuendelea kulitazama. Yakitoka meusi yenye harufu, tutakaa naye tuzungumze gharama ya kufungua giaboksi, naye ataamua kabla ya safari nyingine ya Newala.